Mlango wa Kumi na Mbili

Nilipofika Kibaigwa mafuso yalikuwa yamepanga foleni
hadi kwenye kibanda cha chipsi,
mahindi ya Kiteto, alizeti ya Zoissa,
madereva wamelala chini ya matela, viatu ndiyo mto.
"Mizani nzima," Sechelela akaniambia,
"ila namba haifiki ofisini.
Hapa inatoka kilo elfu tisa,
kule inafika kesho."

Nikafungua kabati la bati. Vumbi jekundu,
mjusi mmoja kajilaza juu ya swichi anaota joto,
milango ishirini na minne, taa za kijani zinakonyeza
kama hakuna lililotokea.

Nikapiga hodi kutoka kwenye laptopu.
Hodi, karibu. Hodi, karibu.
Hodi nne, karibu nne, hakuna iliyopotea.
Hapo ndipo kazi hii inapokudanganya:
hodi ni punje, na punje hupenya popote.
Nikasukuma mzigo wenyewe, faili la mauzo ya wiki,
ikawa lumbesa kwenye mlango wa choo.

Nikauhoji mlango mmoja mmoja.
Wa kumi na mbili ulibeba makosa elfu arobaini na ushei,
pakiti zilizofika zimekatwa shingo,
na juu yake mtu aliandika kwa herufi kubwa:
MIZANI. KASI MIA, PANDE MBILI. USIGUSE. Y.M.

Yoeli Mnyambwa.
Nilirithi funguo zake, na daftari lenye madoa ya chai.
Sababu zake sikurithi.

Mlango wake haupatani bei.
Umebandika: mia, kusema na kusikia kwa mpigo, basi.
Kompyuta ya mizani, ngeni, ya mwaka jana,
imelelewa kupatana: wewe unaweza ngapi? Mimi naweza hizi.
Inauliza, haijibiwi.
Kasi ikaikisia yenyewe, ikapatia.
Lakini asiyejibiwa hujihadhari:
ikajiwekea zamu, akisema mwenzangu mimi ninyamaze.
Na mwenzake hasemi akapumua.
Kila ikianza sentensi inakatizwa,
inaanza upya,
inakatizwa,
na ukiwauliza, kila mmoja atakuonyesha kwamba
amefuata alivyoambiwa.

Nikaandika mistari mitatu. Patana.
Taa ikazimika, na moyo wangu nao,
ikawaka.
Faili likapita kama maji ya mfereji.
Sechelela akapiga kigelegele kifupi, cha ofisini,
fuso la kwanza likashuka kwenye mizani.

Saa tisa na robo umeme ukakatika Kibaigwa nzima.
Uliporudi, mlango wa kumi na mbili ulirudi na Yoeli wake:
mia, pande mbili, usiguse.
Nilikuwa nimesema. Sikuwa nimehifadhi.
Swichi ina kumbukumbu mbili, ya mdomo na ya maandishi,
na giza likiingia huondoka na ya mdomo.

"Fundi," dereva mmoja akauliza, "ulitengeneza au ulionja?"

Nikarudia. Nikahifadhi, nikangoja ikubali,
kisha nikaichomoa swichi mwenyewe, makusudi, wote wakitazama,
nikahesabu hadi ishirini, nikairudisha.
Ilikumbuka.

Jioni nikapiga ile namba iliyo nyuma ya daftari.
"Mashine ile ya mwanzo haikujua kupatana," Yoeli akasema.
"Nilikesha nayo mara mbili. Ukiiachia ichague, inakufa.
Bado ipo?"
"Iliondolewa mwaka jana."
Nikasikia redio ya kwake, kuku, mtoto anaitwa akale.
"Hawakuniambia," akasema.

Nikafuta USIGUSE. Nilikaa kidogo na nafasi tupu,
kishale kikipepesa.
Halafu nikaandika:
MIZANI. PATANA. Mashine ikibadilishwa, uliza tena.
Nikaacha herufi zake mbili mwishoni,
nikaongeza zangu.

Mjusi alisharudi kwenye joto lake
kabla sijafunga kabati.