Nusukaputi

Jumapili, saa nne usiku. Foleni ya wagonjwa imekwisha,
na mashine ya sumaku, hapa Barabara ya Ngong,
ni yetu hadi alfajiri.

Toa mkanda. Toa sarafu, funguo, simu.
Toa pete. Ilikataa; tukaitelezesha kwa sabuni.
Odenyo wa Kamukunji, mfua mabati miaka ishirini na mitatu,
akacheka: Mwanangu, mnanimenya kama kitunguu.

Nikamuuliza swali la kwenye fomu:
Je, chuma kimewahi kukuingia machoni?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza samaki
kama amewahi kulowa.
Basi eksirei ya macho kwanza,
kwa kuwa sumaku hii haizimwi, hata sisi tukilala,
na chembe ndogo kuliko punje ya ulezi
ingeamka ndani ya jicho, ikaanza safari.
Macho yalikuwa safi. Hata mimi nilishusha pumzi.

Akaingia.
Ka-ka-ka-ka. Du. Du. Ka-ka-ka.
Hapo wengine hubonyeza kengele watolewe.
Yeye alisema: Hapa ni kazini kabisa.
Kuna mmoja anagonga sufuria, mwingine sanduku la shule.

Daktari Gakii akafungua dawa, nyeupe kama maziwa,
ikapita kwenye mpira mrefu, kwenye tundu la ukuta,
maana pampu yenyewe ina chuma na haikaribishwi ndani,
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

Hesabu kurudi nyuma, Odenyo.
Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na

Na hapa ndipo neno letu linaponikera.
Nusukaputi. Nusu ya nini?
Nusu ya pili tumeiweka wapi?
Mama yangu, alipotolewa kifuko cha nyongo,
alirudi saa tisa mchana,
akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa,
akanituma chumvi.
Siku mbili hivyo. Siku ya tatu akawa mama.
Kwa siku hizo mbili mimi nilikuwa nani, sijui.
Chumvi nilileta.

Kwenye skrini:
damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokwisha kuitua
haziijibu sumaku kwa namna moja.
Tofauti hiyo, ndogo kama mnong'ono wakati wa mahubiri,
ndiyo tunayoiwinda, nukta kwa nukta.
Kila baada ya dakika mbili tunamwita.
Odenyo.
Na ile sehemu ya kusikia inawaka. Hafifu, lakini inawaka.
Sauti imefika. Imebisha hodi.
Nyuma yake, vyumba vilivyokuwa vikipigiana kelele tangu jioni
vimenyamaza, kila kimoja kivyake.
Taa ziko. Wenyeji wako.
Ila hakuna anayeinuka kumwambia mwenzake:
kuna mtu mlangoni.

Kwa hiyo si giza, anasema Gakii.
Ni nini basi?
Anaandika tu.

Punguza dawa. Kidogo. Kidogo tena.
Odenyo. Odenyo, finya mkono.
Kitu kikapanda kutoka kitovu cha ubongo,
chumba kikaita chumba,
na kidole gumba, chenye kovu refu la bati,
kikasogea.

Tulipomvuta nje alikuwa na mate kwenye ndevu.
Swali lake la kwanza: Mmeanza?
La pili, baada ya chai:
Nani yule aliyekuwa akigonga kinyume na wenzake?

Gakii akashika kalamu, akaiweka chini.
Mashine yetu ilibadili mdundo mara moja tu,
dakika ya arobaini na moja,
na dakika ya arobaini na moja, kwa kila kipimo tulicho nacho,
Odenyo hakuwepo.

Hakungoja jibu. Alidai pete yake,
akahesabu nauli, noti kwa noti,
akatia sahihi kwenye mstari wa shahidi.