Fundo la Mia na Arobaini

Ofisi ya Saccos yetu iko juu ya duka la pembejeo,
ngazi kumi na nane, harufu ya dawa ya kupe.
Nimezipanda na vipande vya mabua kwenye kilemba;
sikujua, mpaka binti wa mapokezi alipocheka.

"Nakijwa Mbwambo," anasoma katibu,
na kompyuta inajibu kabla yangu.
Inasema nilikopa, sikurudisha.
Mwaka inautaja, kiasi inakitaja,
haitaji vuli ilivyoinyima Mabogini,
wala vijana wa kausha damu, pikipiki mbili,
waliobeba cherehani na meza yake
kisha wakarudi, maana walisahau kiti.

Naomba laki sita.
Nina akiba ya laki mbili, na mara tatu yake ni haki ya mwanachama;
imebandikwa ukutani, nimeisoma nikisubiri.

"Kipato kwa mwezi?"
Kipato changu kiko kwenye tumbo la ng'ombe wa watu.
Nafunga mabua bondeni, napandisha Uru kichwani,
elfu tatu mzigo. Mizigo miwili nikiwahi jogoo,
mmoja shingo ikigoma.
Fomu haina mahali pa shingo.
Mwenyekiti anaandika: *hakieleweki*.

"Mali?"
Panga. Kamba. Ngata mbili, moja mpya.

"Mdhamini?"
Hapo hata feni ilisikika.
Maana nilipoanguka mara ile, sikuanguka peke yangu.
Aikande Mosha alitia sahihi chini ya yangu,
wakamkata laki nne na ishirini, hela ya bati,
na masika yote yale mvua ilipika naye jikoni.

Nilitamani anitukane, nipate pa kukasirikia.
Hakunitukana.
Mwezi mzima nilipita njia ya nyuma ya kanisa,
mpaka alfajiri moja nikatua mzigo mlangoni pake
nikakimbia, kama mwizi anayerudisha.
Kesho yake nikamkuta amesimama bandani.
"Ng'ombe amekula," akasema. "Hilo ni moja."
Akakunja fundo kwenye kamba ya mgomba.

Dawa ya deni kulipa, husema wenye afya.
Mimi nimeinywa kwa kijiko, miaka mitatu,
kuna wiki kijiko kilikuwa kitupu
na kamba ikaning'inia vilevile, haikunung'unika.

Sasa nasikia ngazi. Goti lake nalijua:
hatua, pumzi, hatua.
Anaingia na mfuko wa sukari, sukari haimo.
Anaitandaza kamba juu ya fomu,
nyeusi kwa moshi, ngumu kama mkia wa kenge.
"Hesabuni."

Mhasibu, kijana wa juzi kutoka chuoni, alidhani ni utani.
Akaanza kwa kidole, akapotelea sitini na kitu,
akaanza upya, safari hii kwa sauti.
Mia na arobaini.
Akabonyeza mara elfu tatu. Akabonyeza tena.

"Mashine yenu," Aikande akasema,
"iliacha kumtazama siku aliyoanguka.
Mimi nilikuwa na ng'ombe wa kulisha."

Kisha akaomba kalamu.

Walinipa laki nne.
"Doa ni doa, mama," mwenyekiti akasema,
na sikumbishia, nimefua nguo maisha yangu yote.
Asilimia moja na nusu kwa mwezi,
tarehe tano, isipite.
Fundi Shao wa Kiboriloni anasema laki nne
ni mbao, ekseli, na tairi moja ya mkokoteni.
Nimemwambia aanze na hiyo moja.

Mhasibu alitaka kamba ibaki, aitie kwenye faili.
Alikwisha toboa hata karatasi.
Aikande akaikunja akairudisha mfukoni.
"Mwanangu," akasema, "hii ndiyo nafungia banda."