Herufi Tatu

Jumatano usiku, juu ya kinu cha kusaga pale Maweni,
unga ukipenya kwenye nyufa za mbao
na kutukaa nyweleni kama uzee wa ghafla,
Mwalimu Shebwana aliandika ubaoni herufi tatu.
Kitenzi hiki ni kidogo, akasema,
lakini kina njaa.

Tukakisoma kwa pamoja: geti!
Akacheka. Si geti. Funga mdomo mwishoni,
msikipe irabu.
Tukajaribu. Irabu ikarudi yenyewe
kama kuku aliyezoea kulala jikoni.

Geti mimi nalijua.
Ni la chuma, rangi ya samawati, hotelini barabara ya Kasuarina,
na kila jioni Mwaringa hunipekua mkoba
nisije nikatoka na kipande cha sabuni.
Miaka minne nadhani ndilo neno lenyewe:
kupata ni kupita hapo.

Mwalimu akaendelea. Unapata barua, unapata mafua.
Sawa, hayo hata kwetu yapo.
Kisha kikaanza vituko:
unaamka kitandani, ni hicho hicho;
unashuka kwenye tuktuk, hicho hicho;
unalowa, unazeeka, unaoa, unakasirika,
hicho hicho.
Mbeyu muuza mabuyu akauliza,
kwani hawa wanaazimana kitenzi
kama sufuria ya harusi?

Mimi nilikuwa nimeshafika mbali,
kwa Bi Umazi, msimamizi wa dobi, mwaka wangu wa kwanza.
Alinieleza habari ya mashuka ya kitani,
pasi isipite alama ya pili,
akamalizia kwa Kizungu, maana mgeni alikuwa mlangoni:
umeipata?
Nikatazama mikono yangu.
Povu tu.
Nikajibu, bado, hujanipa.
Walicheka wakasahau pasi, shuka likaungua.
Nilililipa kwa miezi miwili.

Ila na sisi hatuna mdomo wa kuwacheka.
Kisu cha mama hakipati, nyanya huiponda.
Mwezi ulipopatwa tuligonga masinia hadi ukaachiwa.
Na binadamu naye hupatwa,
hapo watu huishusha sauti,
hawamalizii na nini.

Haya, kila mtu sentensi yake.
Famau akasema amepata abiria. Vizuri.
Mbeyu akasema anapata watoto, akarekebishwa,
akasema hapana, mwalimu, niache, ndiyo hivyo.
Zamu yangu nikasimama,
na aliyenijia kichwani ni Ngowa, baba wa Tsuma,
aliyekwenda Doha na begi la kuazima.

Mtaani wanasema, amepata.
Hawasemi kitu gani. Linatosha lilivyo,
hulisema huku wakitazama bati langu lenye kutu.
Nami nikipiga simu, yule mwanamke wa ndani ya simu,
mpole kama muuguzi,
hunijibu: hapatikani.

Amepata. Hapatikani.
Mzizi mmoja, mwalimu.
Hebu niandikie hilo ubaoni, unioneshe
ni herufi ipi iliyomchukua.

Sikusema hivyo.
Nilisema mvua ilinyesha nikalowa,
kwa kitenzi chao, bila irabu.
Wakanipigia makofi, unga ukaruka.
Umeipata, akasema Shebwana,
na safari hii sikutazama mikono.

Kesho yake, saa kumi na mbili, getini,
Mwaringa akaufungua mkoba:
daftari, leso, kalamu iliyovuja.
Akapekua tena chini kabisa, kwenye makombo.
Leo hukupata chochote?

Nikafunga mdomo mwishoni.