Ndoo ya Bluu

Gunia lilishuka Jumanne, lumbesa, shingo imeshonwa kwa katani,
kutoka ukungu wa Lukozi hadi joto la Mgandini.
Ijumaa likatoa jasho.
Jumapili likatoa machozi,
na nzi wakajua habari kabla yangu.

Nikaingiza mkono.
Kiazi kikaniitikia kwa sauti ya uji:
ganda zima, ndani hamna mtu.

Nikampigia Shekiondo pale pale, soko zima likisikia.
"Umenipakilia maiti!
Huko milimani siku hizi mnalima wizi?"
Kimya. Nikasikia kuku wake, na mvua juu ya bati.
"Mama Saumu, mimi nilikupa viazi vikavu."
Nikakata.

Bi Nyange wa kilimo hakuvaa hata glovu.
Alikibonyeza kimoja, akanusa,
akapangusa kidole kwenye gazeti la juzi.

"Bakteria huyu. Hana meno.
Huingia kwenye vitundu ambavyo kiazi hupumulia,
akakaa kimya kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.
Akiwa peke yake hathubutu.
Hungoja wenzake, wakahesabiana gizani,
na hesabu ikitimia
wote hutema mate kwa pamoja.
Mate yale huyeyusha gundi
iliyoshikanisha chumba na chumba.
Ukuta hauvunjwi, mama.
Unaachana tu."

Nikauliza, kaenea vipi gunia zima?

"Mlango wake ni kidonda: ncha ya jembe,
ukucha, buti la kuli aliyeshindilia lumbesa.
Na maji. Huyu hupenda maji.
Hivi viazi nani kaviosha?"

Ndoo ilikuwa nyuma yangu.
Ya bluu, iliyowahi kubeba rangi ya nyumba, mpini wa kamba.
Maji yale yale tangu alfajiri,
kiazi juu ya kiazi, nikivisugua ving'ae,
Mbwana wa chipsi akipita visimkimbize,
kisha nikavirudisha guniani vikidondoka maji
na kuvifunika turubai.

Kumbe nilikuwa nawatembeza wageni nyumba hadi nyumba,
nikiwabishia hodi kwa mikono yangu miwili.

Wahenga walimtupia lawama samaki mmoja.
Hawakuuliza wenzake walioshwa ndoo gani.

Nimeimwaga mtaroni, mbali.
Gunia la pili nimelifungua, nimevitandaza,
kila kimoja na nafasi yake,
na udongo wa Usambara bado mashavuni.
Mbwana kapita, kakunja uso:
"Mama, leo mbona vichafu?"
"Vichafu, lakini vizima. Chukua au acha."

Jioni nikaishika simu.
Ikaita. Ikaita.
Mvua tena juu ya bati, na kuku.
"Naam, Mama Saumu," akasema, taratibu,
kama mtu anayekunja mgongo kupokea mzigo,
na mimi, mwenye mdomo wa Jumapili,
nikatafuta pa kuanzia.