Nukta Mbili

Nilikuchora kwenye karatasi ya miraba,
kumi na sita kwenda chini, kumi na sita kwenda kando,
Amagasaki, ghorofa ya tatu, juu ya duka la tambi
ambalo mvuke wake ulipanda ngazi
hata skrini zetu zikatoka jasho.
Mwaka themanini na sita. Februari. Vidole vimekufa ganzi.

Fuko! alicheka Kuwahara. Umemwona wapi fuko wa kuruka?
Nikamwambia: mnyama wa shimoni ndiye ajuaye
thamani ya hewa.
Uongo mtupu. Nilibakiwa na rangi tatu,
na kahawia ilikuwa mojawapo.

Macho sikukupa. Fuko haoni, nilisema,
na nukta mbili nilizookoa
nikazitia kwenye viganja, vikawa vipana kama sepetu.
Ndivyo ulivyozaliwa, Moguta: kipofu, mikono mikubwa,
unakimbilia kulia kana kwamba kulia kuna mtu anakuita.

Kuruka kwako ni kazi ya Kuwahara.
Usiku kucha alibadili namba moja,
akabonyeza, akatikisa kichwa, akaibadili tena.
Ikiwa kubwa, unaelea kama mfuko wa nailoni;
ikiwa ndogo, unashuka kama deni.
Alfajiri akaniita kwa sauti ya chini,
kama aliyeona ndege dirishani na hataki amtoroke.
Nikabonyeza. Tumbo langu likaruka nawe.

Mchezo wa pili ukaleta theluji, na kuteleza.
Wa tatu wakaja watu wa mauzo na chati zao:
watoto hawampendi asiyewatazama.
Nikakupa macho.
Nukta mbili nyeupe. Niliziweka nikiwa nimesimama,
nikavaa koti, nikashuka kula tambi peke yangu.

Wa nne siuzungumzii.

Kisha dunia yako ikapata kina.
Ulipokuwa bapa, ukingo ulikuwa ukingo.
Sasa ulizunguka, kamera ikikufuata
kama mlevi anayetafuta mlango wake,
na sisi, mabingwa wa mashimo,
hatukujua tena shimo liko wapi.
Miezi minane ulitua pembeni ya kila jukwaa.
Ndipo Nonomiya, kijana wa kibarua aliyetuletea chai, akasema:
mpeni kivuli.
Duara jeusi chini yako, lisilofuata jua lolote,
kazi yake kukuambia tu: hapa ndipo utakapokanyaga.
Laiti ningekuwa nalo siku niliyosaini talaka.

Wa saba ukaingia kwenye simu.
Roho zako zikauzwa, tano kwa yeni mia na ishirini,
na aliyeishiwa akaambiwa asubiri nusu saa,
kama hospitalini.
Mwaka huo nikastaafu. Walinipa saa ya ukutani
yenye sura yako, macho yakienda kushoto, kulia,
kushoto, kulia. Niliitoa betri.

Kuwahara alifariki kabla ya wa tisa.
Mazishini, Nonomiya, mkurugenzi sasa, mvi masikioni,
alininong'oneza kwamba namba ile bado imo.
Kila kitu kimebomolewa na kujengwa upya mara tano,
hakuna mstari uliosalia ila huo,
na kando yake maandishi ya marehemu:
Usiguse. Saa kumi na moja alfajiri.

Jana mjukuu wangu Chitose alicheza wa kumi, wa kumbukumbu.
Wamekurudisha kwenye nukta,
nukta za makusudi, vijana wenye mashine za ajabu
wakiuiga umaskini wetu wa rangi tatu.
Ni mzuri. Mzuri mno. Mvuke wa tambi haumo.

Akaanguka shimo la kwanza,
palepale tulipolichimba ili kila mtu aanguke.
Bibi, akasema, mbona hana macho?

Nikasogea. Nikavaa miwani. Kweli.
Kuna mtu huko, nisiyemjua, ameyafuta.

Nilitaka kumweleza habari za zile nukta mbili,
lakini alikuwa ameshabonyeza,
nawe ulikuwa umekwisha iacha ardhi,
viganja wazi,
na tumbo langu, zee hili,
likaruka.