Nondo wa Taa ya Geti

Soja ameniletea kiberiti tena.
Ndani, badala ya njiti, nondo wawili
waliogonga taa ya geti, Kileleshwa,
kabla mvua haijakata stima.
"Hawa si ndugu," akasema.

Mimi naona rangi moja, ya chai iliyopoa,
na doa lilelile la moshi begani.
Hadubini, basi.
Kipapasio cha huyu ni unyoya, cha yule uzi;
lakini hiyo ni dume na jike tu,
mtego ulioninasa mwaka wangu wa kwanza.
Tazama mstari wa bawa la nyuma:
wa huyu wapinda karibu na ukingo,
wa yule wanyooka hadi mwisho, kama mwenye haraka.
Na miiba ya mguu: miwili. Minne.

"Ulijuaje?"
"Huyu akitua hujikunja kama hema.
Yule hujibandika kama stempu.
Nina saa kumi na mbili za kutazama ukuta, madam."

Nimefungua mtoto wa meza wa kumi na saba.
Safu nzima, jina moja, mwandiko wangu,
miaka tisa ya wino usio na shaka.
Pini ya tatu, mstari umepinda.
Ya nne, umenyooka.
Ya sita pia, loo.

Lebo ya zamani haing'olewi.
Mpya huchomwa chini yake,
kosa na sahihisho kwenye pini moja.
Nakata karatasi, unga wa mabawa vidoleni,
nafika palipoandikwa *Mkusanyaji*
na kalamu inasimama.

"Ekuwam," akasema,
akaichukua, akaandika mwenyewe.