Safu ya Tatu

Nimefika kwa bibi yangu kikazi.
Begani kasha la barafu, kwapani fomu ya wilaya:
jina, umri, amekubali, amekataa.
Salfa ya jana haijatulia, vumbi la njano
limekaa hadi kwenye kope za mbuzi.

Bibi Somoe Likunde anamenya ming'oko. Hainui macho.
"Leo umekuja kama nani?"

Nasema, kama serikali.

Anasukuma kigoda kwa mguu.
"Basi serikali ikae."

Naanza na umri. Hana tarehe.
Alizaliwa mwaka baba yake alipopanda mkorosho ule,
ule uliopasuka shina.
Naandika: themanini na kitu.
Fomu haitaki kitu. Nafuta.

"Chanjo," anasema, analionja neno kama chumvi ya mchuzi.
"Mimi nilichanjwa kabla mama yako hajawa wazo."
Anapitisha kidole shavuni, juu ya nembo
iliyokatwa kwa kisu ikapakwa mkaa,
mistari iliyoanza kupotea ndani ya makunyanzi.
"Aliyenichanja nilimjua kwa jina. Alikula kwetu.
Huyu aliyetengeneza yako, anakula kwa nani?"

Sina jibu. Nina kipeperushi.

"Bomba la gesi lilitupita, wakasema subirini.
Bomba la maji, hadi leo Newala tunakinga mvua kwa bati.
Bomba la sindano ndilo limefika,
tena mlangoni, tena bure!
Hela ya korosho hupanda huku kwa miguu,
sindano imepanda gari."

Anatema uzi wa ming'oko.

"Na hili la wazee kwanza limeanza lini?
Kwenye foleni ya salfa tunapigwa vikumbo.
Mwaka jana redio ilisema tujifukize,
nikamaliza mchaichai wangu hadi shina.
Mwaka huu redio hiyo hiyo, sauti hiyo hiyo,
inasema chanjweni.
Mtu kubadili neno si dhambi.
Lakini akilibadili huja kuomba radhi.
Nani alikuja?"

Namweleza yasemwayo kisimani,
eti sindano inapunguza wazee
ili orodha ya ruzuku iwe fupi. Nacheka.
Yeye hacheki.
"Mzee Nammole walimfuta kwenye orodha miezi minne,
yu hai, anatembea, na hakuchomwa hata mwiba."

Nataka kumwambia kuhusu Februari,
wazee watano tuliowazika kwa neno moja: kifua.
Anawajua. Aliwaosha wawili.
Kichupa nimekifungua saa mbili asubuhi;
kina watu kumi na saa sita.
Nimepata wanne.

"Fungua bega," ananiambia.
Nafungua kifungo cha sare.
Anaweka kidole chenye udongo juu ya kovu langu.
"Hili nililibeba mimi. Mgongoni, hadi misheni,
wewe unang'ata kanga, unalia njia nzima.
Sikuuliza imetoka wapi.
Mjomba wako alikuwa ameshakwenda na surua.
Woga ulikuwa umeshanijibu."

"Basi, bibi..."

"Basi nini?
Kwako niliogopa.
Kwangu mimi, bado sijaanza."

Ananifungia ming'oko ya moto ndani ya jani la mgomba.
"Njoo Alhamisi, salfa ikiwa imeisha.
Uje bila gari la matangazo.
Na huyo mganga mkuu wako, mlete.
Akae hapo ulipokaa, ale,
nimtazame anavyokula."

Fomu ina safu mbili.
Kalamu inazunguka juu ya karatasi kama nzi
aliyekosa pa kutua.
Mwishowe naandika pembeni, nje ya mstari:
Alhamisi. Mgeni mmoja. Aje na njaa.

Saa nane, kituoni, nakitupa kichupa na dozi zake sita
kama mwongozo unavyotaka,
nasaini,
vidole vyangu vinanuka ming'oko.